Achieng Oneko: Mbunge wa Nakuru Mjini Aliyeonja Jela ya Manda

Uchaguzi wa 2027 haujafika, lakini barazani kwetu umeshaanza. Jina lolote likitajwa la mtu anayetaka ubunge wa mjini, la kwanza kuulizwa ni kwao wapi. Babake amezikwa wapi, na babu yake alikuja na jahazi gani au alishuka na treni gani. Akionekana kwao si hapa, basi shughuli yake imekwisha kabla ya kahawa kupoa. Mimi husikiliza tu, na aghalabu humkumbuka mtu mmoja ambaye vijana wetu wengi hawamjui kabisa, ingawa sehemu ya miaka aliyofungwa aliila huku kwetu, katika kisiwa cha Manda.

Huyo ni Ramogi Achieng Oneko. Alikuwa Mjaluo wa Uyoma, kando ya Ziwa Nyanza, na mwaka 1963 watu wa Nakuru Mjini, katikati ya Bonde la Ufa, walimchagua awe mbunge wao. Kwao hakukuwa Nakuru, wala hakuna aliyedai kuwa babu yake amezikwa huko.

Habari zake nilianza kuzisikia nilipokuwa kijana. Nilipomaliza diploma yangu nilipata kazi ya ukarani katika ghala la mahindi Rongai, upande wa magharibi wa Nakuru, penye stesheni ya zamani ya reli na mashamba ambayo jicho halioni mwisho wake. Ijumaa nikipewa ruhusa nilipanda matatu hadi mjini kuswali. Baada ya swala niliketi na wazee wa mtaa wa Bondeni: Waswahili waliofuata reli, Wanubi, Wasomali, na Wajaluo na Waluhya waliosilimu. Mzee Oneko mwenyewe alikuwa bado hai wakati huo, yuko kwao Rarieda. Wale wazee walimzungumza kama mtu wa mtaani mwao aliyesafiri, sio kama mgeni aliyekuja akaondoka. Jambo hilo lilinishangaza, maana mimi nimelelewa penye neno wabara, na najua linavyotumika.

Ili kumwelewa Oneko ni lazima kwanza kuuelewa ule mji. Nakuru ilizaliwa na reli. Ilitangazwa kuwa mji mwaka 1904, na kwa muda mrefu ilikuwa makao makuu ya walowezi wa kizungu waliochukua ardhi yote nzuri ya pale. Chama chao cha wakulima, KFA, kilikuwa na makao yake hapo. Mahindi, ngano, pareto na maziwa ya Rongai, Njoro, Solai na Molo vilipitia hapo. Rongai ilikuwa na tawi lake la reli lililokwenda Solai, likakusanye mazao ya mashamba ya wazungu. Waafrika waliokuja mjini walikuja kufanya kazi: makuli wa reli, makarani, madereva, watu wa viwanda vya unga, mayaya na wapishi. Wakikuyu walikuwa wengi, lakini walikuwepo Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Wakalenjin, Wakamba, na Wahindi wenye maduka. Mitaa yao ikapewa majina ambayo mtu wa pwani akiyasikia huhisi yuko nyumbani: Bondeni, Kivumbini. Kwa kifupi ulikuwa mji ambao karibu kila Mwafrika aliyeishi ndani yake alikuwa ametoka mahali pengine.

Oneko alizaliwa mwaka 1920. Alisoma Maseno, shule iliyowatoa viongozi wengi wa Nyanza, na baada ya vita vya pili vya dunia akaingia katika uandishi wa habari. Alianzisha gazeti la Kijaluo lililoitwa Ramogi, na jina hilo likamganda yeye mwenyewe. Baadaye aliingia katika chama cha KAU, akapanda hadi akawa katibu wake mkuu. Mwaka 1951 chama kilimtuma pamoja na Mbiyu Koinange kwenda Uingereza kupeleka malalamiko ya Waafrika juu ya ardhi, na wakafika hadi Paris, ambako Umoja wa Mataifa ulikuwa ukikutana. Nawaomba wasomaji wasilipite hili haraka. Mjaluo wa Uyoma, ambako walowezi hawakunyang'anya mashamba, alisafiri kulalamikia ardhi ambayo kwa sehemu kubwa ilichukuliwa kwa Wakikuyu, Wamasai na Wakalenjin. Mtu angeweza kumwambia kuwa hayo hayamhusu.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari, Oneko alikamatwa pamoja na Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba. Hao ndio Sita wa Kapenguria. Walishitakiwa kuiongoza Mau Mau, na Aprili 1953 kila mmoja akahukumiwa miaka saba jela na kazi ngumu. Oneko peke yake alikuwa Mjaluo kati yao, na ushahidi dhidi yake ulikuwa dhaifu mno. Rufaa iliposikizwa, Januari 1954, mahakama ilimwachilia.

Hapo ndipo serikali ya kikoloni ilipoonyesha haki yake ilivyokuwa. Mtu ameshinda kesi, mahakama imesema hana hatia, na bado hakufika nyumbani. Alitiwa kizuizini kwa amri ya serikali, bila kesi nyingine, akaletwa huku kwetu Manda.

Wageni wanaoteremka uwanja wa ndege wa Lamu siku hizi wanateremka Manda, wanavuka kwa boti, na wachache wanajua kuwa kisiwa hicho kilikuwa gereza. Kambi ya wafungwa wa kisiasa ilikuwa upande wa Takwa. Takwa ni mji wa Waislamu uliohamwa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, wenye msikiti wake wa magofu na kaburi lake lenye nguzo. Watu wa Shela wanadai asili yao ni huko, na hadi leo huenda kufanya ziyara na kuomba mvua. Ni kisiwa chenye shida ya maji matamu, mikoko kila upande, na joto ambalo mtu wa bara hawezi kulizoea. Karibu na magofu hayo waliwekwa watu ambao Mwingereza aliwaona wabishi zaidi, wengi wao Wakikuyu, na Oneko akiwa miongoni mwao. Aliishi nao miaka. Walikula posho moja na kuchota maji pamoja, na serikali ile ile iliwakataza wote kwenda makwao. Mimi nafikiri, na hii ni rai yangu tu, kwamba mbunge wa Nakuru alitengenezwa pale Takwa. Aliyekaa kizuizini na watu namna hiyo hawezi kuitwa mgeni wao kirahisi.

Alitoka mwaka 1961, baada ya miaka tisa tangu akamatwe. Kenyatta naye alikuwa ametoka, na Oneko akawa mtu wake wa karibu. Uchaguzi wa Mei 1963 ulipofika, wa kutafuta serikali ya kujitawala, kulikuwa na viti 117 katika Baraza la Wawakilishi. KANU ilimsimamisha Nakuru Mjini.

Hali ya Bonde la Ufa ilikuwa ya kipekee. Jimbo lenyewe, kwa maana ya majimbo ya wakati ule, lilikuwa la KADU, chama cha marehemu Ronald Ngala wetu na Daniel arap Moi. Moi alikuwa rais wa baraza la jimbo la Bonde la Ufa, na makao ya jimbo yalikuwa Nakuru. Kwa hivyo mji wenye ofisi za KADU ulichagua mbunge wa KANU. Kura za wafanyakazi ndizo zilizomwingiza Oneko: Wakikuyu na Wajaluo walikuwa chama kimoja, na watu wa reli na viwanda hawakuwa na sababu ya kuogopa jina lake. Kenyatta alipounda serikali alimpa uwaziri wa Habari, Utangazaji na Utalii.

Akiwa waziri, mwaka 1964 serikali ilichukua shirika la utangazaji lililoachwa na wakoloni na kuligeuza Sauti ya Kenya, chini ya wizara yake. Redio ikawa ya serikali moja kwa moja. Wakati ule ilionekana ni jambo la kizalendo, na huenda lilikuwa hivyo. Mwenyewe hakukaa nalo muda mrefu kabla ya kuonja ladha yake.

Ugomvi ulikuwa wa ardhi. Uhuru ulipopatikana, mashamba ya wazungu yalianza kubadilisha mikono. Mengine yaligawanywa vipande kwa mikopo, na mengine, hasa yale makubwa yenye udongo mzuri, yaliuzwa mazima kwa wenye uwezo na wenye vyeo. Ukitaka kuona matokeo yake, pita Rongai. Niliyaona kila asubuhi nikienda kazini: ua wa shamba la mtu mmoja unaandamana na barabara mpaka unachoka kuutazama, halafu kuna kijiji cha vibarua kimebanana kwenye kona, au vishamba vya watu walionunua kwa hisa, kila mmoja na eka zake mbili tatu. Kaggia, mwenzake Oneko wa Kapenguria, alitaka wasiokuwa na ardhi wapewe bila kulipishwa. Oginga Odinga, aliyekuwa makamu wa rais, alikuwa upande huo. Oneko naye aliamua kusimama nao.

Machi 1966 KANU ilifanya mkutano wa Limuru. Cheo cha Odinga katika chama kilifutwa, mahali pake wakawekwa makamu wanane. Odinga alijiuzulu mwezi uliofuata na kuingia KPU, chama kipya cha upinzani. Oneko alikuwa na wizara, gari la bendera, na urafiki wa rais aliyefungwa naye. Aliacha vyote na kumfuata Odinga.

Serikali ilijibu kwa sheria. Mwisho wa Aprili, kwa haraka isiyokuwa ya kawaida, bunge lilibadilisha katiba: mbunge akihama chama kilichompeleka bungeni, kiti chake kiko wazi na lazima arudi kwa wapiga kura. Waliohama wote wakapoteza viti kwa siku moja. Ikaja ile iliyoitwa uchaguzi mkuu mdogo wa Juni 1966, viti 29, vya Baraza la Wawakilishi na vya Seneti. Wenzetu wanaokimbia kutoka chama hadi chama kila mwaka wa uchaguzi wafahamu kuwa sheria hiyo haikufa. Imo katika katiba ya 2010, kifungu cha 103. Wajanja wamejifunza tu kuhama kwa mdomo huku barua ya kujiuzulu hawaiandiki.

Oneko aliiandika, na akarudi Nakuru kuomba upya kura za watu wale wale. Safari hii mambo yalikuwa mengine. KPU ilichelewa kuandikishwa, ilinyimwa vibali vya mikutano, na ile redio ya serikali, ambayo miezi michache kabla ilikuwa chini ya mkono wake, ilikuwa inatangaza upande mmoja. KANU ilimsimamisha Mark Mwithaga, Mkikuyu na mwanasiasa wa mji wenyewe. Umoja wa Wakikuyu na Wajaluo uliokuwa umemwingiza Oneko mwaka 1963 ulikuwa umepasuka kule juu, na mpasuko ukashuka hadi mitaani. Oneko alishindwa. Kaggia naye alishindwa Kandara, kwa watu wa kabila lake. Katika nchi nzima KPU ilipata viti tisa tu, ingawa ukijumlisha kura zote ilizidi KANU.

Nimewasikia watu wakisema kuwa Oneko aliangushwa kwa sababu alikuwa Mjaluo Nakuru. Sikubali kuwa ni hilo tu. Miaka mitatu nyuma alikuwa Mjaluo vile vile. Kabila lake halikubadilika, kilichobadilika ni kwamba alikuwa ameuliza swali la mashamba, na wenye mashamba walipata njia rahisi ya kulijibu: kumkumbusha mpiga kura kwamba huyu si wetu. Kaggia hawakuweza kumwambia hivyo, kwake walitumia maneno mengine. Msomaji wa pwani anayejua historia ya hati za ardhi huku kwetu hahitaji nimfafanulie zaidi.

Mwaka 1969 ulikuwa mbaya. Julai aliuawa Tom Mboya. Tarehe 25 Oktoba Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali, kukazuka fujo, askari wakafyatua risasi na watu wakafa. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa ndani, Oneko akiwemo. Hapakuwa na mashitaka wala kesi. Sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, ambayo Mwingereza aliitumia kumleta Manda, sasa iliamriwa na mtu aliyekaa naye kizimbani Kapenguria. Alikaa ndani hadi 1975. Jumlisha miaka tisa ya mkoloni na sita ya serikali ya uhuru, utapata kumi na tano.

Mwaka huo huo wa 1975 aliyemwangusha Nakuru aliingia jela kwa zamu yake. Mwithaga alikuwa amegeuka kuwa mmoja wa wakali bungeni, na J.M. Kariuki alipouawa Machi mwaka huo, alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati ya bunge iliyochunguza mauaji hayo. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amefungwa kwa kesi ambayo wengi hawakuona kuwa ilitokea kwa bahati. Kiti cha Nakuru kilikuwa na kawaida ya kuwapeleka watu jela.

Na hakikuacha ukaidi. Vyama vingi viliporudi 1992, Nakuru Mjini ilimchagua Lwali Oyondo kwa tiketi ya FORD-Asili, wakati KANU ya Moi ilikuwa imelishika Bonde la Ufa kwa mikono miwili. Mwaka 1997 akaingia David Manyara. Mwaka 2002 ilikuwa zamu ya Mirugi Kariuki wa NARC, wakili aliyekuwa amefungwa na kuteswa enzi za Moi. Alifariki katika ajali ya ndege Marsabit, Aprili 2006, na mwanawe William akachukua kiti katika uchaguzi mdogo. Mwaka 2007 ni Lee Kinyanjui wa PNU. Ilipofika 2013 eneo bunge lilikatwa mara mbili, Mashariki na Magharibi, wakaingia David Gikaria na Samuel Arama. Desemba 2021 mji ukapewa hadhi ya jiji.

Rongai, jirani yake, ni habari nyingine. Huko ndiko Kabarak, nyumbani kwa Moi, na siasa za pale mara nyingi zimezunguka mlango huo. Nilipokuwa karani mbunge alikuwa Bi Alicen Chelaite wa NARC, kisha mwaka 2007 akaja Luka Kigen, halafu Raymond, mwana wa Moi, akakaa vipindi viwili kuanzia 2013, mpaka Paul Chebor alipochukua 2022. Rongai na Nakuru Mjini zinapakana, na mtu wa Rongai huja sokoni Nakuru na kurudi siku hiyo hiyo, lakini kura zao zimezungumza lugha mbili tofauti.

Oneko alirudi bungeni katika uchaguzi huo wa 1992, kwa tiketi ya FORD-Kenya ya Odinga. Alikuwa na miaka 72. Lakini safari hii hakuchaguliwa Nakuru, alichaguliwa Rarieda, kwao, na Wajaluo wenzake. Wengine wataona hapo mzee alipata heshima yake. Mimi naona huzuni. Aliyekwenda hadi Paris kudai ardhi ya watu wengine, akafungwa na watu wa kabila jingine, akachaguliwa na mji wa makabila yote, mwisho wa siku alipata nafasi mahali pamoja tu, pale alipozaliwa. Nchi ilikuwa imepungua, sio yeye. Mwaka 1997 kiti hicho nacho kilimponyoka, akastaafu.

Alifariki nyumbani kwake Kunya, Rarieda, tarehe 9 Juni 2007, akiwa na miaka 87. Wenzake wa Kapenguria walikuwa wameshatangulia wote, Kenyatta mwenyewe akiwa amefia huku kwetu Mombasa mwaka 1978.

Miezi sita baada ya mazishi yake ulifanyika uchaguzi wa Desemba 2007. Mwishoni mwa Januari 2008 Nakuru iliwaka moto. Watu walikatwa mapanga kwa sababu ya majina yao katika mitaa ile ile ambayo makuli wa reli walimpigia kura Mjaluo bila kuuliza kwao wapi. Waliokimbia walijaa uwanja wa maonyesho na uwanja wa Afraha, wakalala chini. Mimi nilikuwa nimesharudi pwani. Nilimpigia simu mzee mmoja wa Bondeni kumjulia hali. Alikuwa salama, alhamdulillahi, na nyumbani kwake amewaficha majirani wa makabila mawili, kila kabila chumba chake, wasionane.